Gesi Inayopanda Nyufani

Wajukuu wangu, mkishuka ile barabara ya chini iendayo Mai Mahiu, mkapita kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, tazameni mbele kabla hamjafika mjini. Mkono wa kulia ni Longonot, wa kushoto ni Suswa. Yote ni milima ya volkano, na Bonde la Ufa zima limejaa nyufa zinazoshuka kilindini. Kupitia nyufa hizo ardhi hutoa gesi, na mojawapo haionekani wala hainuki. Inaitwa radoni.

Udongo na mawe, popote duniani, vina chembe za urani. Atomu zake huvunjika polepole, mwishowe zikawa radiamu, na radiamu ikivunjika huzaa radoni. Mababu wote hao ni vitu vigumu vilivyokwama ndani ya jiwe. Radoni ndiyo ya kwanza kuwa gesi, basi hutafuta njia ya kutoka. Ina haraka, kwani kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imevunjika. Inaye nduguye, thoroni, wa ukoo wa thoriamu, ambaye nusu yake hutoweka kwa sekunde 56 tu.

Hapo nawaomba mfikiri kidogo. Thoroni haifiki mbali. Ukiikuta, ujue imezaliwa papo hapo. Lakini radoni ikiizidi sana, huenda gesi inapanda upesi kutoka kina kirefu, na chini ya miguu yako kuna ufa. Wanajiolojia waliotafuta mvuke wa kuzalisha umeme Suswa, Longonot na Menengai walitumia ujanja huo. Hupigilia chuma ardhini, wakavuta hewa ya udongo hadi kwenye chombo kilichopakwa unga maalumu ndani. Chembe itokayo kwenye atomu inayovunjika ikigonga unga, unga humeta, na mtambo huhesabu mimeto hiyo kwa dakika chache, kisha huhesabu tena. Hesabu ya kwanza ni ya ndugu wote wawili. Baadaye thoroni imekwisha, inabaki radoni peke yake. Mimi huona hiyo ni akili ya kupendeza mno.

Sasa twende nyumbani. Nje, upepo wa bonde huitawanya radoni. Lakini usiku wa baridi, nyumba ikiwa imefungwa, hewa ya ndani yenye joto hupanda na kutokea juu, na nyumba hunyonya hewa ya udongo kupitia nyufa za sakafu, kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Radoni yenyewe twaivuta na kuitoa. Wabaya ni watoto wake, hasa poloniamu, ambao si gesi. Hunata mapafuni na kuzipiga seli kwa mionzi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huitaja radoni kuwa ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu katika nchi nyingi. Mvutaji sigara aliye katika nyumba yenye radoni nyingi ndiye aliye hatarini zaidi.

Desemba 1984, huko Pennsylvania, Marekani, king'ora cha mionzi kilimlilia mhandisi Stanley Watras kituoni kwake kazini. Kituo kilikuwa cha nyuklia, lakini kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme, na king'ora kililia hata alipokuwa ndiyo kwanza anaingia. Mionzi alikuwa ameitoa nyumbani kwake, kwenye radoni. Watu wakaanza kupima nyumba kwa bidii.

Kupima si kazi ngumu. Kipande cha plastiki, ya aina ile ile inayotengenezewa lenzi za miwani, hutiwa ndani ya kikebe na kuachwa chumbani kama miezi mitatu. Kila chembe inayokigonga huacha jeraha dogo mno. Maabara hukichovya katika magadi makali ya moto, majeraha yakapanuka kuwa vishimo vya kuhesabika kwa hadubini. Jibu huja kwa bekereli kwa mita ya ujazo, yaani atomu ngapi zinavunjika kila sekunde katika mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isipite 100, na ikishindikana kabisa, isipite 300.

Kazini hupimwa pia dozi anayopata mtu mwenyewe, kwa milisiverti. Mpiga eksirei hospitalini huvaa kibeji kifuani kwa sababu hiyo, na kikomo cha kimataifa kwa wafanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Binadamu wa kawaida hupata kama 2.4 kutoka kwa maumbile, karibu nusu ikiwa ni ya radoni. Nchini Kenya, msimamizi wa mambo haya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Radoni ikionekana nyingi, zibeni nyufa za sakafu, fungueni madirisha, au fundi apitishe bomba chini ya sakafu na feni ya kuitoa gesi juu ya paa. Lakini pimeni kwanza. Kikebe kiwekwe chumba cha kulala cha chini, mbali na dirisha na jiko, na mtu asikisogeze mpaka muda utimie.