Barua Iliyorudi Si Barua Iliyokataliwa

Miezi michache iliyopita tulialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa jamaa yetu mmoja jijini Dar es Salaam. Baada ya sala ya isha, mama mwenye nyumba alitueleza jambo lililokuwa likimkosesha raha. Mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta, alikuwa amejifungia chumbani kwa siku mbili, hataki kula na wenzake wala kuzungumza na mtu. Sababu yenyewe mama hakuielewa vizuri. Alichofahamu ni kwamba kijana alituma kiraka kwa watu wa ng'ambo, nao wakamjibu kwa maneno machache makavu, tena hadharani.

"Kiraka?" aliuliza bibi yake kijana, aliyekuwa ameketi mkekani. "Kwani mjukuu wangu amekuwa mshona nguo?"

Tulicheka, lakini mama hakucheka. "Miezi miwili anakesha kwa kazi hiyo," alisema. "Nilipomuuliza atalipwa kiasi gani, akaniambia halipwi kitu. Sasa kazi ya bure, na bado anatukanwa?"

Tuliomba kijana aitwe. Alikuja, akatuamkia, akafungua kompyuta yake mpakato na kutuonesha ile barua. Tuliisoma mara mbili. Hapakuwa na tusi hata moja ndani yake. Mambo tuliyoyazungumza usiku ule tumeona tuyaandike hapa, kwa kuwa tunaamini yapo majumba mengine yenye kijana wa namna hii, na wazazi wasiojua wamsaidie vipi.

Kiraka ni nini?

Bibi hakukosea sana. Katika enzi za mwanzo za kompyuta, maagizo ya mashine yalitobolewa kwenye kanda za karatasi. Fundi alipogundua kosa hakuitoboa kanda nzima upya. Alikata kipande cha karatasi, akakibandika juu ya matundu yaliyokosewa. Leo karatasi haipo tena, lakini jina na maana vimebaki. Kiraka ni maandishi mafupi yanayosema: katika faili fulani, ondoa mstari huu, weka huu mahali pake. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na unaowekwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha. Mistari michache ya jirani huachwa juu na chini ili ijulikane mahali pa kubandika. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall aliandika programu ya kubandika viraka vya aina hiyo, na kazi ya kurekebisha msimbo wa mtu aliye mbali ikawa nyepesi kama kutuma barua.

Kiraka cha kijana wetu kilikuwa cha Linux. Hiki ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayosimamia mawasiliano baina ya programu na vifaa vya kompyuta. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, akiwa na umri wa miaka 21. Alikitangaza kwa wenzake kuwa ni jambo la kujifurahisha tu. Leo simu zote za Android zinaendeshwa kwa kiini hicho, na tangu mwaka 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani zinakitumia pia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama hujawahi kulisikia jina la Linux, huenda umelibeba mfukoni miaka mingi.

Linux ni programu huria. Msimbo wake uko wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Wengi wanaoutengeneza ni waajiriwa wa makampuni makubwa, lakini mlango haujafungwa kwa mwanafunzi asiye na mwajiri. Na mlango wenyewe, hadi leo, ni barua pepe.

Kwa nini barua?

Yapo maeneo ya kisasa ya kuhifadhi misimbo, ambamo mtu hubofya kitufe na mchango wake ukafika. Wasimamizi wa Linux hawakuifuata njia hiyo, nao wana sababu zao. Barua pepe si mali ya kampuni moja. Haihitaji kompyuta ya bei kubwa wala mtandao wa kasi. Mtu anaweza kusoma na kuandika majibu akiwa hana intaneti kabisa, kisha akayatuma mtandao utakaporudi. Msimamizi huweza kuandika maoni yake chini ya mstari uleule anaouzungumzia. Zaidi ya hayo, barua zote huhifadhiwa hadharani, hata atakayeuliza baada ya miaka 10 kwa nini mstari fulani uliwekwa atayakuta mazungumzo yote. Toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na katika miaka ya karibuni toleo moja hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kwenda bila utaratibu, na barua ya kijana wetu ilirudishwa kwa sababu aliukiuka.

Makosa yake yalikuwa matatu. Kwanza, alituma kiraka kama kiambatisho, katika barua yenye rangi na herufi za mapambo. Linux hutaka maandishi matupu, na kiraka kiwe ndani ya barua yenyewe ili kiweze kujibiwa mstari kwa mstari. Huduma nyingi za barua zinazotumika kwenye kivinjari huharibu nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari, na kiraka kilichoharibiwa nafasi hakibandikiki. Ndiyo maana mafundi hutumia programu iitwayo Git, ambayo Torvalds mwenyewe aliiandika mwaka 2005. Amri yake ya git format-patch huandaa barua, na git send-email huituma bila kuigusa.

Pili, aliunganisha mambo mawili: alisahihisha hitilafu na papo hapo akapanga upya mistari iliyokaa vibaya. Kanuni ni kiraka kimoja kwa jambo moja. Likitokea tatizo baadaye, kiraka chenye jambo moja huondolewa peke yake bila kuvuta lingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa, alieleza amefanya nini lakini hakueleza kwa nini. Msimamizi huona kwa macho yake kilichobadilika. Asichokiona ni sababu. Kichwa cha barua huwa na neno PATCH ndani ya mabano ya mraba, kisha jina la sehemu inayoguswa, kisha muhtasari usiozidi herufi 75 hivi. Chini yake hufuata maelezo: tatizo lilikuwa nini, nani aliathirika, na kiraka hiki kinalitatua vipi.

Kabla ya kutuma, kuna zana mbili zinazokuja pamoja na msimbo wa Linux. Ya kwanza, checkpatch.pl, hukagua mtindo wa uandishi na kuonya palipokosewa. Ya pili, get_maintainer.pl, husoma orodha ya wasimamizi na kumwambia mtumaji ampelekee nani, kwani kila sehemu ina mwenyewe. Barua iliyotumwa kwa asiyehusika huzama. Na mwenye busara hujitumia yeye mwenyewe kwanza, akaona inafika ikiwa katika hali gani.

Sahihi na dhamana yake

Mwishoni mwa maelezo ya kila kiraka pana mstari mmoja unaoanza kwa maneno "Signed-off-by", ukifuatiwa na jina na anwani ya mtumaji. Vijana wengi huuandika kwa mazoea tu. Tulimwomba kijana wetu atusomee maana yake, naye akakiri kuwa hakuwahi kuisoma.

Mstari huo una historia. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ya Marekani iliishtaki IBM mahakamani, ikidai kwamba mali yake iliingizwa ndani ya Linux. Mwaka uliofuata Torvalds alianzisha utaratibu wa sahihi. Anayeandika mstari huo anathibitisha kwamba kazi aliyoituma ameiandika mwenyewe, au ameitoa kwenye kazi nyingine ambayo leseni yake inaruhusu, au amekabidhiwa na mtu aliyethibitisha hivyo. Na kwamba ana haki ya kuitoa. Anakubali pia kwamba jina lake na mchango wake vitabaki hadharani bila kikomo. Mchango wa asiyejulikana haupokewi. Kila msimamizi anayekipitisha kiraka kwenda juu huongeza sahihi yake, hivi kwamba kikifika mwisho kinakuwa na mnyororo wa majina, mpokezi baada ya mpokezi.

Tuliwaambia wazee waliokuwepo: hii ni amana. Kijana anayenakili msimbo wa mwingine na kutia sahihi yake ametoa ushahidi wa uongo kwa maandishi, na maandishi hayo hayafutiki.

Mfano wa kuvunja amana upo. Mwaka 2021 ilibainika kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro kwa makusudi, ili kupima kama wasimamizi wangezigundua. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, alisimamisha michango ya chuo kizima, na viraka vingi vya zamani kutoka chuoni hapo vikalazimika kukaguliwa upya. Watafiti waliomba radhi na kuliondoa andiko lao. Kosa la wachache likawagusa wenzao wasiohusika.

Kusahihishwa mbele za watu

Lililobaki lilikuwa jambo la moyo. Kijana alisema kilichomuumiza si makosa, bali kusahihishwa mbele ya dunia nzima.

Hatukumficha ukweli: lugha ya mafundi hawa imewahi kuwa kali kupita kiasi. Torvalds mwenyewe, mwezi Septemba mwaka 2018, aliomba radhi kwa barua zake za kuvunjia watu heshima, akapumzika kazi kwa muda, na wakati huohuo Linux ikapata mwongozo mpya wa mwenendo. Anayetukanwa ana haki ya kulalamika. Lakini barua aliyopokea yeye haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa fupi kwa sababu msimamizi ana mamia ya barua za kusoma, na isingeandikwa kabisa kama kazi yake isingekuwa na thamani. Tena, Torvalds na wasimamizi wakuu nao hutuma viraka vyao na kusahihishwa hadharani.

Tulimweleza pia adabu za kujibu. Asijibu siku ileile akiwa na hasira. Aandike jibu lake chini ya kila hoja, afute yasiyohitajika, ashukuru, na asipokubaliana aeleze sababu. Kisha atume kiraka upya kikiwa na alama ya v2, na chini ya mstari wa vistari vitatu aeleze amebadili nini tangu mara ya kwanza. Akikaa bila jibu, asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na katika zile wiki mbili ambazo milango ya toleo jipya huwa wazi asishangae ukimya, maana wasimamizi huwa wameelemewa.

Kwa wazazi tuna nasaha tatu. Mwacheni kijana atumie jina lake la kweli, lakini afungue anwani ya barua mahususi kwa kazi hii, kwa kuwa itaonekana na kila mtu daima. Mwekeeni saa za kulala, kwani kiraka kilichoandikwa alfajiri bila usingizi huwa na makosa. Na kuhusu malipo, msimwone anapoteza wakati. Mwanafunzi wa ushonaji hukaa na fundi miaka akishona bila ujira, na hakuna anayesema ameibiwa. Kiraka kilichopokewa hubaki na jina la mwandishi wake, na mwajiri yeyote anaweza kukisoma bila kuhitaji barua ya sifa.

Mama alisikiliza yote, kisha akamgeukia mwanawe. "Kumbe hawakukukataa, baba. Wamekwambia urudie."

Kijana alirudia. Kiraka cha pili nacho kilirudi, kwa neno moja lililokosewa katika maelezo. Cha tatu kilikaa siku 11 bila jibu, hata mama akawa anaulizia kila jioni kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku ya 12 ilikuja barua ya mstari mmoja: kimepokewa. Chini ya sahihi ya kijana ilikuwa imeongezwa sahihi ya msimamizi.

Tulipopita tena nyumbani kwao, bibi ndiye aliyetupa habari. Alikuwa mkekani palepale. "Kile kiraka," alisema, "kimeshika." Kisha akatuuliza kama tunajua kwamba mjukuu wake ameshaanza kingine.