Wasioridhika, Wasioridhia na Walalamishi: Maana na Matumizi katika Muktadha wa Juba

Utangulizi

Makala haya yanafafanua maneno matatu yanayotumiwa kuwataja watu wenye manung'uniko: wasioridhika, wasioridhia na walalamishi. Suala hili lina uzito wa pekee Juba. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliidhinisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Hati za amani na za sera zilizoandikwa kwa Kiingereza zitazidi kuhitaji tafsiri. Hoja yetu ni kwamba neno linaloteuliwa kumtaja mwenye manung'uniko huathiri mapema namna dai lake litakavyopokelewa.

Umbo na maana

Maneno mawili ya kwanza yana asili moja ya Kiarabu, nayo ndiyo iliyotupatia neno radhi. Kitenzi ridhika hutaja hali ya nafsi. Ridhia hutaja tendo la kukubali. Husemwa Bunge limeridhia mkataba, wala haisemwi limeridhika mkataba. Kwa hiyo mtu aweza kuridhia asiridhike: saini imetiwa, moyo haujatua.

Neno la tatu latokana na lalamika. Sauti k hugeuka sh mbele ya i ya unominishaji, kama katika pika na mpishi, andika na mwandishi, cheka na mcheshi. Nomino za umbo hili aghalabu hutaja kazi au hulka: mcheshi si mtu aliyecheka jana. Ndiyo sababu Tanzania mlalamishi ni mtu asiyekwisha malalamiko, ilhali mwenye shauri huitwa mlalamikaji, na mpinzani wake mlalamikiwa. Nchini Kenya, kinyume chake, mlalamishi hutumika magazetini kwa aliyewasilisha malalamiko rasmi, pasipo kumbeza.

Matumizi

Kiswahili cha Juba, kinachoishi kando ya Kiarabu cha Juba, kimeletwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara na wakimbizi waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Kauli "walalamishi wasikilizwe" yaweza kueleweka na aliyesomea Kenya kuwa inahusu wenye mashauri; msomaji wa Dar es Salaam atawaona watu wa kelele. Hati ni moja, hukumu ni mbili.

Mfano mzito zaidi ni wa mazungumzo ya amani. Mkataba uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018 uliacha nje baadhi ya makundi, likiwamo National Salvation Front. Tarehe 9 Mei 2024 yalizinduliwa Nairobi mazungumzo kati ya serikali na baadhi ya makundi yaliyokuwa nje ya mkataba, nayo yakapewa jina la Kiswahili: Tumaini. Je, makundi hayo yaitweje? Kuyaita wasioridhika ni kuugeuza msimamo wa kisiasa kuwa hisia tu. Aidha, huficha kwamba wasioridhika wamo pia miongoni mwa waliotia saini na raia wa kawaida, hasa baada ya uchaguzi wa Desemba 2024 kuahirishwa hadi Desemba 2026. Wasioridhia ni karibu zaidi, lakini hugongana na maana ya kisheria ya Bunge kuridhia. Waasi hutangulia kuhukumu kabla ya kikao.

Hitimisho

Tunapendekeza makundi yaliyo nje ya mkataba yaitwe makundi yasiyotia saini. Ridhia ibaki kwa uidhinishaji. Wasioridhika itumike kwa hali ya watu, kwa kutaja kile wasichoridhika nacho. Katika hati zinazovuka mipaka, mlalamikaji ipendelewe kuliko mlalamishi. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya humpa mkazi wa nchi mwanachama haki ya kufikisha shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkazi wa Juba anayeitumia haki hiyo asipachikwe, kwa kosa la mfasiri, jina linalomwonesha kuwa mtu wa kunung'unika tu.