Tusome Alama ya Beringi

Beringi mpya ya mashine ya kusaga ikichezacheza kidogo mkononi, tusiikatae. Nafasi hiyo kati ya gololi na njia zake imewekwa makusudi. Beringi ikivalishwa shafti kwa kubana, ringi ya ndani hutanuka. Mashine ikipata moto, hutanuka zaidi. Nafasi ikiisha gololi hubanwa, beringi huungua, na kijiji hulala bila unga.

Je, tutachaguaje? Tusome maandishi ubavuni. 6205 bila C ina nafasi ya kawaida. 6205 C3 ina nafasi kubwa zaidi, na C2 ndogo zaidi. Kitabu cha mashine kikitaka C3, tusikubali ya kawaida ati kwa sababu namba ni moja. Herufi nayo isomwe!