Hesabu za Herufi na Zana Zilizomo Majumbani Mwetu



Kila mwezi wa Septemba watoto wetu waliotimiza miaka kumi na mmoja huvaa makoti mapya na kuingia shule za sekondari. Wazazi tunauliza habari za chakula cha halali, mahali pa kusalia na tabia za wanafunzi wengine, na ni haki yetu kuuliza. Lakini ni wachache mno miongoni mwetu wanaouliza mtoto amewekwa seti ya ngapi ya hisabati, na seti hiyo inamwelekeza kwenye mtihani gani.

Nitaeleza kwa nini swali hilo lina uzito. Hapa England mtihani wa GCSE wa hisabati, tangu mwaka 2017, hutolewa madaraja kuanzia 9 lililo la juu mpaka 1 lililo la chini. Mtihani wenyewe una ngazi mbili: Foundation na Higher. Mtoto aliyeandikishwa Foundation, hata akijibu kila swali bila ya kosa, hapati zaidi ya daraja la 5. Shule na vyuo vinavyofundisha hisabati ya A-level kwa kawaida hutaka daraja la 6 au la 7, na wengine zaidi. Basi kijana mwenye azma ya uhandisi huweza kukuta mlango umefungwa akiwa na miaka kumi na sita, na wazazi wake hawajui ulifungwa lini. (Scotland na Wales zina taratibu zao.) Sisemi kwamba Foundation ni aibu, kwa mtoto anayeelemewa, daraja la 5 ni la heshima. Nasema kwamba uamuzi rasmi hufanywa karibu na mtihani, lakini mizizi yake hupandwa mapema, katika Year 7 mpaka Year 9, na kinachotenganisha watoto katika miaka hiyo mara nyingi ni aljebra.

Hapo ndipo wazazi wengi hurudi nyuma. Utawasikia wakisema, "Hesabu za siku hizi zimebadilika," au, "Sisi tulisoma kwa Kiswahili." Mimi nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, kwetu na ugenini, na naona kinyume chake. Hesabu hazikubadilika, na aliyesoma kwa Kiswahili ana hazina. Maneno mlinganyo, mabano, kipeo, kiasi na asili yanaeleza maana zake wazi kuliko majina ya kigeni ambayo mtoto huyakariri bila kuyaelewa. Wala hamna haja ya kununua vifaa vya gharama. Vilivyomo jikoni na kabatini vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Tuanze na alama ya sawasawa, ile mistari miwili midogo. Mwaka 1999 watafiti watatu wa Marekani walichapisha makala kuhusu swali moja jepesi: 8 + 4 = □ + 5. Kiandikwe nini ndani ya kisanduku? Katika wanafunzi 145 wa darasa la sita walioulizwa, hakuna hata mmoja aliyejibu 7. Walijibu 12, au 17, au yote mawili. Watoto hawa walijua kujumlisha. Wasichokijua ni maana ya alama: wao waliisoma kama amri ya "toa jibu", na hali maana yake ni kwamba pande mbili zina uzito mmoja. Mtoto mwenye dhana hiyo akifika kwenye 3x + 2 = 14 atakuwa anacheza karata asizozijua.

Dawa yake ni mizani. Sisi tuliokulia karibu na maduka ya rejareja tuliona mwenye duka akiweka mawe upande huu na sukari upande ule mpaka mkono ukatulia. Watoto wetu wameona mashine ya tarakimu tu. Basi chukua hanga ya nguo, itundike kwenye kitasa cha mlango, na ufunge mfuko mwepesi wa plastiki kila ncha. Tafuta sarafu za aina moja na bahasha ndogo sita. Mtoto akiwa amegeuka, tia sarafu nne katika kila bahasha, bahasha tatu, uzifunge. Weka bahasha hizo pamoja na sarafu mbili upande mmoja, na sarafu kumi na nne upande wa pili. Upande wa pili ongeza na zile bahasha tatu tupu, ili uzito wa karatasi usituharibie kazi. Hanga ikitulia, mwulize: bila ya kufungua, kila bahasha ina sarafu ngapi? Atatoa sarafu mbili huku na mbili huku, kisha atagawa kumi na mbili kwa tatu. Mwache afanye hivyo mara nyingi kwa mikono kabla hajashika kalamu. Ukiwahi kumwambia "hamisha namba, ubadilishe alama", umempa uchawi badala ya elimu, na uchawi huo utamtoka siku ya mtihani.

Herufi nazo zina mtego wake. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chelsea College, London, waliwauliza watoto wa sekondari kuhusu penseli. Za buluu ni senti 5 moja, nyekundu senti 6, na mnunuzi ametumia senti 90 kwa jumla. Ikiwa b ni idadi ya za buluu na r ni idadi ya nyekundu, tuandike nini? Jibu ni 5b + 6r = 90. Waliopatia walikuwa wachache, na kosa lililojirudia lilikuwa b + r = 90. Kwao b haikuwa namba. Ilikuwa penseli yenyewe.

Kosa hilo hulipandikiza watu wazima wenye nia njema. Mzazi humwambia mwanawe: "3m ni maembe matatu, 2n ni mananasi mawili, huwezi kuyachanganya." Maelezo haya ni matamu lakini ni sumu, kwani m siyo embe. Ni idadi ya maembe, au bei ya embe moja. Daima ni namba. Ukimfundisha kwa maembe, siku atakayoona m × n atakuuliza embe mara nanasi ni tunda gani.

Namba hasi hazihitaji maneno mengi. Tumia vifungo vya shati, vyeupe kwa chanya na vyeusi kwa hasi; cheupe kimoja na cheusi kimoja hufutana. Kwa hasi 3 kutoa hasi 5, weka vyeusi vitatu, ongeza jozi mbili za cheupe na cheusi ambazo hazibadilishi thamani, kisha ondoa vyeusi vitano. Vimebaki vyeupe viwili. Na asiyeridhika na vifungo aambiwe habari ya deni: aliyesamehewa deni ameongezewa.

Kwa waliosoma Tanzania, neno moja juu ya MAGAZIJUTO. Kanuni hii ni nzuri, lakini isomwe kwa uangalifu: kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa rika moja, vivyo hivyo kujumlisha na kutoa, na hutendwa kwa kufuata mstari kutoka kushoto. 10 – 3 + 2 ni 9. Nimeona wanaosisitiza 5 kwa kuwa JU imetangulia TO.

Sasa nije kwenye kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Kata boksi tupu la konfleksi upate vipande vya aina tatu: vidogo vya sentimita 2 kwa 2, fito za sentimita 2 kwa 7, na miraba mikubwa ya sentimita 7 kwa 7. Kipande kidogo ni moja, ufito ni x, mraba mkubwa ni x mara x. Vipimo hivi nimevichagua kwa makusudi. Ufito usigawanyike sawasawa kwa vipande vidogo, la sivyo mtoto atavipanga juu yake na kutangaza kwamba x ni 3 au 4. Mwambie apange mstatili wenye upande mmoja x + 2 na wa pili x + 3. Atahitaji mraba mkubwa mmoja, fito tano na vipande vidogo sita. Naye ameshaona kwa macho yake kwamba (x + 2)(x + 3) ni x² + 5x + 6.

Kwa kadibodi hizo hizo twaweza kufika Baghdad. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika huko kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 mpaka 833. Mwaka 1145 Robert of Chester alikitafsiri kwa Kilatini, na Ulaya ikalipata neno aljebra. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kama aungavyo mtu mfupa. Al-muqabala ni kukabilisha pande mbili, ndugu wa neno letu "mkabala". Hakutumia herufi wala alama. Kisichojulikana alikiita kitu au mzizi, na mzizi uliozidishwa kwa wenyewe akauita mal, yaani mali. Mtoto wa Mswahili neno hilo analo tayari!

Swali lake mashuhuri linatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara kumi yake, utapata 39. Weka mraba mkubwa mezani. Fito kumi zigawe, tano ubavuni na tano chini. Umbo lililopatikana ni kama mraba ulioliwa pembe, na eneo lake tumeambiwa ni 39. Pembe iliyoliwa ni tano kwa tano. Ijaze kwa vipande vidogo 25, jumla iwe 64. Mraba wa 64 una upande wa 8, na upande huo ni x na 5. Basi x ni 3. Mchoro huu mwenyewe aliuchora kitabuni. (Siku hizi mtoto ataulizwa na jibu la pili, hasi 13, ambalo mabingwa wa enzi ile hawakulihesabu.)

Na hapa pana jambo la kutia uchungu. Njia hii ya kukamilisha mraba imo katika ngazi ya Higher peke yake. Mtoto wetu aliye Foundation humaliza shule bila ya kuiona.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi, nayo ni mazoezi ambayo nyumba za Waislamu hazikosi. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baada ya madeni na wasia zimebaki pauni 24,000. Mke ana thumni, 3,000. Ikiwa fungu la binti ni x, la kaka yake ni 2x, basi 4x = 21,000 na kila binti hupata 5,250. Mpe mtoto akuhakikishie kwamba mafungu yote yanarudi 24,000.

Kuhusu kompyuta na simu sitarefusha. NRICH ya Chuo Kikuu cha Cambridge, masomo ya Oak National Academy na programu ya Desmos ya kuchorea grafu ni vya bure na vya kutegemewa, navyo vifuate baada ya mikono kufanya kazi. Zile programu zinazopiga picha swali na kutema jibu ziwekwe mbali wakati wa kazi za nyumbani.

Katika mkutano ujao wa wazazi na walimu, mwulize mwalimu wa hisabati, kwa adabu lakini bila ya haya: mtoto wangu yuko seti ya ngapi? Seti hii hufanya mtihani wa ngazi gani? Kupanda seti kunapimwa kwa nini, na lini? Jibu liandikwe.

Vijana nao wapewe hili la mezani, kwa kadibodi na si kwa simu: namba gani ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara sita yake, utapata 55? Fito ziwekwe tatu ubavuni na tatu chini.