Mdomo wa bata usio na papara

Santuri ya Sugar ina nyimbo tatu tu. Mpiga saksafoni, au mdomo wa bata, Stanley Turrentine aliirekodi Novemba 1970 katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, mara baada ya kuhamia lebo ya CTI ya prodyuza Creed Taylor. Wengi huitafuta kwa ajili ya wimbo wa kwanza uliobeba jina la santuri, na siwalaumu. Mimi huanza na upande wa pili.

Upande huo wote umetwaliwa na "Impressions", kibao cha John Coltrane. Coltrane mwenyewe alikipiga mbio, solo juu ya solo, hadi msikilizaji akahema. Turrentine kakishusha mwendo, kakitilia tumba za Pablo Landrum na besi nene ya Ron Carter, na sasa kinachezeka. Kibao hicho kimejengwa juu ya kodi mbili tu, kwa hiyo mpulizaji asiye na la kusema huumbuka mapema. Turrentine anakaa humo zaidi ya robo saa pamoja na wenzake, wala hahangaiki.

Wawili hawa walipokezana kiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Coltrane alipoondoka kwenye bendi ya Earl Bostic, aliyeshika nafasi yake ni Turrentine, kijana wa Pittsburgh aliyezaliwa 1934, baba yake mpiga saksafoni, kaka yake Tommy mpiga tarumbeta. Coltrane akaenda kutafuta njia mpya. Turrentine akabaki na bluzi, akarekodi na Jimmy Smith, akamuoa mpiga ogani Shirley Scott na kupiga naye muziki uleule wa baa za mitaa ya Wamarekani Weusi. Ni rahisi kudhani kwamba huyu wa pili alibaki nyuma. Sikubaliani. Kupuliza kwa utulivu namna hii kunataka ufundi, tena mwingi.

Sikiliza anavyofanya kwenye "Sugar". Anaanza sentensi kwa sauti pana, anaivuta nota ya mwisho, kisha anaiacha iteleze chini ikitetemeka kabla haijakatika. Halafu kimya kidogo, besi itembee. Akimaliza, anamwachia Freddie Hubbard na tarumbeta lake kali, mtu ambaye hakuwahi kuogopa kelele, naye anapandisha joto. George Benson anafuata na gitaa. Huyu ni Benson wa kabla ya santuri yake ya Breezin' ya 1976, kabla dunia haijamjua kwa kuimba, na vidole vyake vinazungumza haraka bila kumeza neno.

"Sunshine Alley", utunzi wa mpiga ogani wa humo, Butch Cornell, ndio dhaifu kati ya nyimbo hizo tatu. Ogani inazunguka palepale muda mrefu mno. Hata hivyo, usiuruke: Turrentine anapoingia, wimbo unapata mwenyewe.