Msaidie Daktari Amsaidie Mgonjwa Wako

Leo nazungumza nawe unayeishi na mgonjwa wa akili nyumbani.

Wengi hudhani ugonjwa huu ni kazi ya Mathari peke yake, hospitali iliyoko Nairobi tangu 1910. Lakini mgonjwa akisharudi nyumbani, anayemwona mwezi baada ya mwezi ni daktari wa kituo chenu cha afya, naye ana dakika chache na foleni ndefu mlangoni. Mgonjwa akiulizwa atasema, "Niko sawa." Daktari hajui kwamba usiku wa jana alikuwa akigombana na ukuta. Wewe ndiwe unayejua.

Basi nunua daftari dogo. Andika amelala saa ngapi, kama anakula na kuoga, kama alikunywa pombe au kutafuna miraa, na siku alizokosa dawa. Ikiwa anatumia pia dawa za mganga, sema. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, sema tu.

Kinachoharibu matibabu mara nyingi ni dawa zenyewe. Haloperidol, Largactil na ile sindano ya Modecate huweza kukaza misuli: mikono hutetemeka, mate hutoka, mtu hutembea kama gogo. Mama mmoja aliniletea mwanawe shingo imepinda, akasema amerogwa upya. Dawa zote alikuwa amezitupa chooni. Hakuwa amerogwa. Ni dawa ilikuwa imemkaza, na kuna tembe za kutuliza hali hiyo, ziitwazo Artane, au daktari hubadilisha kipimo. Shingo ikipinda, nenda siku hiyo hiyo. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe: anaweza kukaa vizuri wiki kadhaa ukadhani amepona, kisha ugonjwa ukarudi kwa kishindo.

Akichanganyikiwa ghafla na mwili una joto, usiseme ni yale yale ya zamani. Huenda ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Homa pamoja na mwili kukakamaa, kwa anayetumia dawa hizi, ni hatari kubwa, mkimbize hospitali. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, na usingoje siku ya kliniki.

Kabla hujatoka kwa daktari, mwombe aandike jina la dawa na kipimo chake katika daftari lako. Siku dawa zikiisha kituoni, hospitali nyingine itajua pa kuanzia.