Kipupwe Inyonga: Baridi Isile Faida ya Kuku

Anayenunua vifaranga Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, kati ya Juni na Agosti hana budi kuingiza gharama ya joto katika hesabu zake. Mchana jua huwaka, lakini usiku wa kipupwe ni wa baridi.

Tuchukue vifaranga 100. Wakifa 20, kila mmoja kati ya 80 waliobaki amebeba robo zaidi ya gharama ya kununulia, kabla ya chakula na dawa.

Kifaranga wa siku moja huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, likipunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki hadi aote manyoya. Wakirundikana, wanasikia baridi. Wakikimbia jiko, joto limezidi.

Kosa la wengi ni kuziba banda lote. Unyevu na hewa kali ya kinyesi hubaki ndani, mafua yakafuata. Jiko la mkaa nalo, hewa isipopita, hutoa sumu inayoua kuku na hata mhudumu. Ziba kwa magunia upande wa upepo, acha nafasi chini ya paa. Tandaza maranda au pumba kavu za mpunga, uondoe zilizolowa. Kuku wakubwa wape mahindi jioni, yawatie joto usiku.

Kiangazi pia ndicho kipindi cha kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3. Kuku asiyechanjwa ni mtaji usio na bima.